Barua ya Hereni za Ng'ombe

Ushirombo,
4 Novemba 2024

Mdogo wangu Mariana,

Habari za Mhunze. Sisi wazima. Shemeji yako Telesphori bado anazunguka machimboni kununua dhahabu kidogo kidogo, akirudi ni vumbi na maneno, kama ulivyomwacha.

Nakuandikia kwa sababu simu yako anayo mumeo Maduhu huko anakochimba, na simu ya kaka yake Bujiku siipigi tena. Mara ya mwisho aliweka spika, ua mzima ukanisikia nikikuuliza habari za tumbo lako. Basi tubaki na karatasi. Enock, yule konda, tunasali naye, anabeba mzigo bila kuuliza. Barua zangu nitakuwa naziweka ndani ya mkoba mmojawapo, kwenye mfuko wa zipu, maana hakuna mwanamume anayepekua mkoba wa mwanamke. Nawe nijibu hivyo hivyo.

Nimekutumia mikoba saba. Sita ni ya belo la mitumba, ngozi halisi ila imechoka: ule wa bluu una ukungu, ule mweusi mdogo mkanda umekatika. Wa saba, mkubwa wa kahawia, si wa belo. Nimeupata hapa hapa. Ngozi yake nene na imekauka, ila ukiulainisha kuna mwalimu anautaka kwa harusi ya mwanawe. Ufanyie kazi huo kwanza.

Mbusu Jenifa. Msalimie na bibi yake.

Dada yako,
Paskazia


Mhunze,
13 Novemba 2024

Dada Paskazia, shikamoo.

Mikoba imefika yote, barua nimeikuta kwenye zipu ya ule wa bluu. Nisamehe kwa karatasi ya vijumba. Ni daftari la hesabu la Jenifa, nachana kurasa za katikati ili mwalimu wake wa darasa la kwanza asigundue.

Kazi inakwenda. Nafuta vumbi kwa brashi ya viatu, kisha napitisha kipande cha fulana chenye maji kidogo na sabuni ya kipande, taratibu, bila kusugua. Penye ukungu natia siki. Halafu najaza magazeti ndani ili mkoba usinywee, nauanika kivulini. Ule mweusi mdogo nimeushona mkanda, ukapendeza mpaka nikampa mama mkwe. Usinune, utakata kwenye hesabu yangu. Hajawahi kuwa na mkoba tangu azaliwe, na sasa anakwenda nao hata kuchuma mboga.

Amestahili, maana dawa ya ngozi kavu kanifundisha yeye. Ujanani alikuwa akilainisha kamba za ngozi za kukokotea plau. Unayeyusha nta ya nyuki pamoja na mafuta ya ng'ombe, unapaka, kisha unaipasha ngozi juu ya makaa polepole mpaka inywe. Mafuta nanunua, kwa kuwa ng'ombe wetu waliuzwa wote Maduhu apate mtaji wa duara lake, shimo la dhahabu. Naweka kapu kichwa chini juu ya jiko la mkaa, mkoba juu ya kapu. Mvua haikatiki, kwa hiyo nafanyia ndani, chumba tunacholala mimi na Jenifa, mlango nimefunga upepo usizime moto. Ule wa kahawia umeshakaa siku mbili na bado unaomba mafuta.

Ila kuna jambo. Nilipofumua bitana yake kidogo nisafishe ndani, vilidondoka vitone vya rangi ya fedha. Si maji wala si chuma. Ukivigusa vinakimbia, vinagawanyika, halafu vinaungana tena. Jenifa alivifukuza sakafu nzima kwa kicheko. Amevikusanya kwenye kizibo cha soda. Mama mkwe alirudi nyuma mpaka mlangoni. Akasema, "Kitu kinachokimbia mkono wa mtu si cha kulala nacho." Alisema nivitupe chooni. Mtoto akalia, nikamwachia.

Niambie, dada, mkoba huu ulikuwa wa nani? Nimeanza kuuogopa bila sababu.

Mdogo wako,
Mariana


Ushirombo,
18 Novemba 2024

Mariana,

Hofu yako ni ile ile ya utotoni, ulikuwa unaogopa hata kivuli cha kuku. Mkoba ulikuwa wa mtu wa kawaida. Hivyo vitone ni takataka tu. Vitupe, na mtoto asivichezee, mnawe mikono kwa sabuni.

Na huo wa kahawia usiupashe tena. Uache ulivyo, mpe Enock anirudishie. Mwalimu amebadili mawazo.

Hayo ya vitone usimweleze mtu, hata Maduhu akija. Watu wanapenda kukuza mambo.

Paskazia


Mhunze,
3 Desemba 2024

Dada, shikamoo.

Barabara ilikatika korongoni, Enock hakupita siku kumi na mbili, kwa hiyo barua yako nimeipata juzi. Mkoba wa kahawia nilikuwa nimeshaumaliza zamani. Niliupasha siku tano kwa jumla. Umekuwa laini, unang'aa, nimeutundika ukutani juu ya kitanda.

Lakini sikuandikii habari za mikoba. Jenifa anaumwa. Alianza na kikohozi, kisha fizi zikavimba, mate yanamtoka kama kichanga. Viganja vyake vimekuwa vyekundu, ngozi inabambuka. Halali. Mikono inatetemeka hata kijiko cha uji hakishiki. Zahanati walimpima malaria mara mbili, hawakuona kitu, wakampa vidonge hivyo hivyo. Mimi mwenyewe mdomoni nasikia ladha ya shilingi, na ukiangalia mwandiko huu utaona nami mkono hautulii. Nadhani ni kukosa usingizi.

Bujiku amekwenda kwa nfumu bila kuniuliza. Amerudi anasema mganga ameona kwenye kuku kwamba anayemla mtoto yumo ndani ya ua, ni mtu mzima, na macho yake ni mekundu.

Dada, unamjua mama mkwe wangu. Macho yake yameungua kwa moshi wa miti ya pamba, miaka hamsini ya kupika. Wanawake wote wa umri wake hapa wana macho hayo. Nilimwambia Bujiku hivyo, naye akanijibu kwamba ni mama yake aliyemzaa, kwa hiyo kusema limemuuma yeye kuliko mimi. Tangu siku hiyo majirani hawaji kuomba moto kwetu. Jana mama alimwamkia mke wa jirani, "Mwangaluka," na yule akapita akitazama chini. Unakumbuka lililompata yule bibi wa Mwamashele aliyeitwa mchawi kwa macho kama hayo. Kila mtu hapa analikumbuka, ndiyo maana hakuna anayelitaja.

Na mama hamwachi mtoto. Anakaa na Jenifa kutwa, anampangusa mate, anamwimbia. Mimi nasimama mlangoni nawatazama. Ninaogopa kuandika hili: kuna wakati namtazama yeye, si mtoto. Najiuliza kwa nini yeye aliyekaa nasi chumba kimoja hatetemeki. Kisha nakumbuka analala nyumba yake. Kisha najiuliza tena.

Niombee.

Mariana


Ushirombo,
7 Desemba 2024

Mariana mdogo wangu,

Soma barua hii mpaka mwisho kabla hujanilaani.

Vile vitone ni zebaki. Ndiyo wanayokamatia dhahabu huku mialoni, wanakoosha mchanga wa machimbo. Telesphori anaiuza kwa wachimbaji bila kibali, na alikuwa akiisafirisha ndani ya mkoba wangu ule wa kahawia, kwenye chupa, kwa kuwa askari hawasimamishi mkoba wa mwanamke. Chupa ilipasuka. Nikauosha kwa maji, nikashona bitana, nikaukutumia. Nilijua, Mariana. Ulipoandika kwamba vinakimbia nilijua saa ile ile, nikakuandikia takataka kwa kuogopa Telesphori asifungwe.

Huku watu wanaichoma majikoni kila siku, wanatembea, wanacheka. Nikajidanganya kwamba kidogo haidhuru. Lakini semina tuliyokalishwa na watu wa afya nilikuwepo, na nilisikia walivyosema: ikipata moto inageuka moshi usioonekana, na mtoto anaumia kabla ya mkubwa. Kutetemeka, fizi, mate, yote walitaja. Nawe uliipasha siku tano, mlango umefungwa.

Mama mkwe wako, Mama Mageni, hana kosa. Mwambie Bujiku, waambie wote, wasomee barua hii kwa sauti hata kama Telesphori atakamatwa. Mtoe mtoto chumbani leo. Mpeleke hospitali kubwa Shinyanga na umtajie daktari neno hilo, zebaki. Kile kizibo kifunge ndani ya chupa, umpe daktari.

Nimempigia Maduhu mara ishirini, hapatikani, yuko chini ya ardhi. Bujiku nimempigia, akakata aliposikia sauti yangu. Nimemkabidhi Enock mikoba miwili ili asishuku kitu, barua nimeiweka kwenye zipu kama kawaida yetu. Jibu haraka.

Paskazia


Mhunze,
19 Desemba 2024

Dada,

Karatasi hii nampa Enock mkononi, sitaki tena mikoba.

Kifurushi chako alikileta tarehe tisa. Sikukifungua. Nfumu alisema njia ya ubaya imepitia vitu vilivyotoka mbali, na kwamba mama ndiye aliyeufungulia mlango, kwa ile dawa yake ya nta. Nilikitupa juu ya dari ya banda la mbuzi kikiwa kimefungwa vile vile. Kama uliweka barua, nisamehe, sikuisoma. Siwezi kugusa ngozi, mikono inakataa. Na nilikuwa nimekukasirikia, kwa kuwa nilikwambia mwanangu anakwisha nawe ukanyamaza.

Jenifa sasa hatembei. Kizibo chake bado anacho chini ya mto, ndicho kitu pekee kinachomfurahisha, anakitikisa anatazama vitone vinavyocheza.

Ijumaa iliyopita iliokotwa barua mlangoni kwa mama. Haina jina. Mama hajui kusoma, katika ua huu ninayesoma vizuri ni mimi, akaniletea. Alikaa kwenye kigoda, akaweka mikono magotini, akasubiri. Ilikuwa ya vitisho, dada. Nilishindwa kuisoma. Nikasema neno la kwanza lililonijia, kwamba ni ya ofisi ya kijiji, inahusu kuvisha ng'ombe hereni za utambuzi. Mama aliniangalia, akashukuru, "Wabeja, mayu." Akaikunja, akaiweka kwenye mkoba wake mweusi.

Jumapili asubuhi tuliamka hayupo. Kitanda kimetandikwa. Kanga yake moja haipo na mkoba haupo. Bujiku hakwenda kumtafuta. Vijana wanne walikwenda upande wa mto na mapanga, wakarudi mchana, hawakusema wameona nini, nami sikuthubutu kuuliza. Panga la mmoja lilikuwa limeoshwa. Labda ni mvua.

Leo ni siku ya tano. Sijui kama nasubiri arudi au nasubiri watu waje kuniambia wameokota kanga.

Mariana


Ushirombo,
21 Desemba 2024

Mariana,

Bibi Mageni yuko kwangu. Yu hai. Nimeliandika hilo kwanza upumue.

Sasa weka barua hii chini, panda darini kwa mbuzi, ukate kifurushi. Mkoba mwekundu, zipu ya ndani. Usome. Halafu mchukue mtoto na kile kizibo uende Shinyanga leo, si kesho. Kizibo ndicho kinachomuua. Mkoba wa kahawia usiuguse kwa mkono mtupu. Nimempa Enock nauli yenu, na amekubali kukungojea stendi. Ukimaliza kusoma ile ndipo urudi kwenye hii.

Umerudi? Basi unajua nilichokufanyia. Nitakijibu mbele yako.

Mama alipanda basi la Enock Jumapili, akamwambia, "Nipeleke inakotoka mikoba." Hakuwa na kingine cha kumwelekeza. Alituapisha mimi na Enock tusimtaje huko, nami nilidhani barua yangu umeshaisoma. Alifika kwangu miguu imevimba, akakataa kiti, akauliza akiwa amesimama kile kinachokimbia mkono ni nini. Nikamwambia yote. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia usoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akakaa, akasema, "Basi si mimi."

Mariana, alikuwa ameshaanza kujiogopa mwenyewe. Anasema alikuwa akilala amejifunga mikono kwa kanga, kwa kuwa amesikia wachawi wengine hawajijui.

Jana, barua yako ilipofika, akafungua mkoba mweusi akanipa karatasi nimsomee. Imeandikwa hivi: "Bibi, ondoka kabla ya Krismasi. Ukibaki tutakuja, na hatutabisha hodi."

Ni karatasi ya vijumba, imechanwa katikati ya daftari. Wiki hizi zote nasoma mwandiko wako, na kabla ya hapo nilikushika mkono kukufundisha kuandika. Mkono unatetemeka, lakini ni wako.

Yeye alikuwa ananitazama. Nikamsomea kwamba ni ya ofisi ya kijiji, inahusu hereni za ng'ombe. Ulikuwa umeniandikia hivyo, na sikuwa na uongo wangu mwenyewe. Akaikunja akairudisha.

Sina haki ya kukuhukumu. Nakuuliza tu kama nimekosea.

Paskazia


Shinyanga, hospitalini,
29 Desemba 2024

Dada Paskazia, shikamoo.

Hukukosea.

Daktari aliposikia neno zebaki aliacha kuandika. Aliichukua ile chupa niliyotia kizibo kwa ncha za vidole, akatoka nayo, na waliporudi walikuwa watatu. Jenifa amelazwa. Mkojo umepelekwa mbali kupimwa, wanasema wanaangalia figo. Mate yamepungua tangu alipotoka chumba kile. Kutembea bado. Hawaniahidi kitu na mimi siwaulizi, naogopa jibu. Mimi nami nimepimwa. Maduhu amefika, amekaa chini ya dirisha la wodi. Wamekuja pia kuuliza mkoba ulikotoka. Nimewaambia. Mwambie Telesphori mwenyewe kabla hawajafika.

Bujiku nilimsomea barua yako mbele ya majirani. Aliinamisha kichwa. Lakini baadaye mmoja wa wale vijana akasema zebaki ni zebaki, lakini mchawi aliyeifungulia njia ni nani? Kwa hiyo mama asirudi huku sasa. Mkae naye.

Kuhusu karatasi. Niliiandika mchana, mama akiwa nje anafua nguo za Jenifa. Nilikuwa namsikia akiimba. Nilikuwa nimewasikia pia Bujiku na wale vijana wakipanga, nikajiambia nikimtisha atakimbia kabla hawajaja, nitakuwa nimemwokoa. Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ni kwamba niliamini. Niliamini anamla mwanangu, nikataka aende akafie mbali.

Halafu akaniletea mimi nimsomee. Sikuwaza hilo, dada. Nilisahau kwamba barua yoyote inayofika mlangoni kwake lazima ipitie kwangu.

Nakuomba usimsomee. Nitakuja mwenyewe mtoto akiruhusiwa. Nasema hivyo na huku naomba Mungu wachelewe kumruhusu, maana sijui nitaingiaje mlango wako yeye akiwa amekaa ndani.

Mariana


Ushirombo,
4 Januari 2025

Ng'wanone, mwanangu Mariana, mwangaluka.

Mimi Mageni ninasema, dada yako anaandika. Nimemwambia asiongeze neno na asipunguze.

Nimesikia mtoto yuko kwa madaktari. Nasema asante. Mpake mafuta kwenye viganja mahali panapobambuka, usipashe moto, paka hivyo hivyo. Mwambie bibi yake ana mkoba na hajauweka chini.

Dada yako ananitunza vizuri. Mumewe amechukuliwa na askari, nyumba imenyamaza. Ninamfundisha ile dawa ya nta, tunafanyia nje. Anaogopa, lakini mikono yake ni mizuri kama yako.

Ile barua ya hereni za ng'ombe bado ninayo. Ulinisomea wewe ukitazama mikono yako. Akanisomea dada yako akitazama mlango. Mmesema sawa wote wawili, ila ng'ombe wetu tuliuza wote, mayu, na ofisi ya kijiji ndiyo iliyoandika cheti cha mauzo. Nilikuwepo, na dole niliweka mimi. Nilitoka nyumbani najua karatasi hii ina nini. Sikujua imetoka kwa nani, mpaka juzi nilipomwona Paskazia akisoma barua yako ya hospitali na kulia, nikaona vijumba.

Sitamwambia Bujiku. Sitamwambia Maduhu. Karatasi nimeiweka kwenye zipu, na mkoba ni ule ulionishonea mkanda.

Mtoto akiweza kusafiri njoo naye. Usilete kitu. Utakaa na mimi unisomee tena, polepole, yote.

Mageni
(dole gumba, kwa kiwi ya kahawia)